Jinsi ya kuisikiliza albamu ya uzeeni ya Johnny Cash na kuandika ulichokihisi

Wapenzi wengi wa kantri hapa Kenya tumelelewa na Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams, sauti laini zisizokwaruza popote. Ndiyo maana mtu akikutana mara ya kwanza na "American IV: The Man Comes Around", albamu ambayo Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliitoa Novemba 2002, huenda akadhani spika yake imeharibika. Sauti inakwaruza, inaishiwa pumzi, mahali pengine inayumba. Vumilia. Naipenda albamu hii kuliko nyingi nilizo nazo, na inaniuma nikiona watu wakiiacha katikati kwa sababu tu walianzia pabaya.

Usianze na video ya "Hurt", wimbo mmoja wa albamu hii. Najua ndiyo ambayo kila mtu atakutumia kwenye simu. Mark Romanek aliitengeneza kwa ustadi mkubwa: mzee mezani, jumba la makumbusho lililofungwa, na mkewe June Carter akimtazama. Lakini picha zile zinakuamulia cha kuhisi kabla sikio halijafanya kazi yake. June alifariki Mei 2003, naye Cash akamfuata tarehe 12 Septemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 71. Ukiitazama huku unayajua hayo, utaandika rambirambi tu, na muziki wenyewe utakuwa umekupita.

Anza na "Give My Love to Rose". Cash aliitunga mwenyewe na kuirekodi kwanza mwaka 1957 katika kampuni ya Sun kule Memphis, kijana wa miaka 25. Ni kisa cha mpita njia aliyemkuta mtu akikata roho kando ya reli. Mtu huyo ametoka jela baada ya miaka kumi, yumo njiani kurudi Louisiana kwa mkewe Rose na mwana asiyemfahamu vizuri. Anaomba pesa zake zipelekwe, mke anunue nguo nzuri, tena atafute mwanamume mwingine maana haifai aishi peke yake.

Sikiliza ya 1957 kwanza, ikiwezekana kwa spika za masikioni. Gita la Luther Perkins linakwenda mwendo wa treni, na kijana anasimulia kwa sauti iliyonyooka, anamaliza kila mstari akiwa bado na pumzi ya akiba. Kisha, bila kupumzika, weka ya 2002. Kisa ni kile kile. Sasa mistari inakatika na unamsikia akitafuta hewa. Alikuwa na kisukari na pumu, na neva zake zilikuwa zimedhoofika. Mtayarishaji wake, Rick Rubin, aliyekuwa amejijengea jina kwenye rap na roki, hakuzifunika pumzi zile kwa vinanda. Kwangu mimi, mwaka 1957 anayeimba ni mpita njia. Mwaka 2002 anayeimba ni yule aliyelala kando ya reli. Rekodi hiyo ya pili ndiyo iliyompa tuzo ya Grammy ya uimbaji bora wa kiume wa kantri mwaka 2003.

Hapo ndipo ushike kalamu, kabla hujasoma la mtu yeyote. Usiandike "inagusa moyo". Andika ni wapi ilipokugusa. Weka dakika na sekunde pembeni, kisha neno lililokuwa likiimbwa, kisha kilichokujia kichwani, hata kama ni babu yako akihema baada ya kupanda kilima. Kwenye "Hurt", kwa mfano, daftari langu halina neno huzuni. Lina piano inayogonga noti moja bila kuchoka, ikizidi kupanda hadi inakaribia kumfunika. Lina pia taji la miiba: Trent Reznor wa Nine Inch Nails, aliyeutunga wimbo huo, alikuwa ameweka neno chafu mahali pale, na Cash, Mkristo wa kusema wazi, akaweka miiba. Baada ya badiliko hilo dogo, mimi humsikia mtu anayetubu.

Usiogope kuandika kisichokupendeza. Mimi sijaona haja ya "Desperado" humo, na huwa nairuka. Ukisifu nyimbo zote kumi na tano, msomaji wako hatakuamini hata kwenye ile moja uliyoipenda kweli.

Kisha mwekee wimbo mtu ambaye jina la Cash halimwambii kitu. Mimi nilimwekea mama wimbo wa mwisho, "We'll Meet Again", bila kumweleza lolote. Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Aliendelea kuchambua mchele, na sauti za watu wengine zilipoingia kumpokea mzee akauliza, "Huyu baba ni mgonjwa, sivyo? Lakini yuko na watu wake." Niliyaandika maneno yake kama yalivyo, na ndiyo mstari bora katika daftari lote.

Ukimaliza, rudi nyuma hadi "American Recordings" ya 1994, ambapo Rubin na Cash walianza pamoja. Humo kuna sauti na gita tu, nyimbo nyingi zikiwa zimerekodiwa sebuleni kwa Rubin na katika nyumba ya mbao ya Cash kule Tennessee. Ipe siku yake peke yake, na ukurasa mpya.