Namna ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza: mfano wa "bank"

Usianze na kamusi. Andika kwanza sentensi tano zenye neno "bank", kila moja na matumizi yake: ukingo wa mto, mahali pa kuweka fedha, rubani anayelaza ndege upande akikata kona, moto uliofukiwa kwa majivu, safu ya swichi.

Sasa fungua kamusi yenye etimolojia, yaani maelezo ya asili ya maneno, kama Oxford English Dictionary au Merriam-Webster. Hizi hutanguliza maana kongwe. Kamusi za wanafunzi hutanguliza maana inayotumika zaidi, kwa hiyo namba 1 humo si lazima iwe ya kale.

Tazama vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa kwenye kamusi ili kuelezwa. "Bank" ina zaidi ya kimoja, kwa kuwa ni maneno tofauti yaliyofanana tahajia. La ukingo lina asili ya Skandinavia, na lilikuwamo tayari katika Kiingereza cha Kati (takriban miaka ya 1100 hadi 1500). La fedha lilifika mwishoni mwa karne ya 15 kutoka Kifaransa "banque" na Kiitaliano "banca", meza ya mbadilisha fedha. La safu limetoka Kifaransa cha Kale "banc", yaani benchi.

Gawa sentensi zako kwa koo hizo. Hapa ndipo wengi huteleza: ndege inayolala huonekana haina kwao, kumbe ni ya ukoo wa ukingo, kwa sababu ya ule mteremko wa ukingo. Moto uliofukiwa ni wa huko huko, maana majivu hurundikwa kama tuta. Lakini "bank on", kutegemea, ni ya fedha.

Endelea kurudi nyuma. Alama ya < husomwa "limetokana na". Kinyota mbele ya neno huonyesha umbo lililokisiwa na wanaisimu, halikuwahi kuonekana katika maandishi. Ukifika kwenye mzizi wa Kigermaniki cha kale, lugha mama ya Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia, koo zote tatu hukutana, pamoja na "bench".

Mwaka unaotajwa kwenye kamusi ni wa maandishi ya zamani zaidi yaliyopatikana. Neno lenyewe huenda lilisemwa miaka mingi kabla.

Kuwa mkali na visa vitamu. "Bankrupt" kweli inatokana na "banca rotta", meza iliyovunjika, lakini hilo pekee halithibitishi kwamba meza za waliofilisika zilipasuliwa hadharani. Na ukiambiwa neno la karne nyingi ni kifupisho cha herufi, likatae mpaka uone ushahidi: "news" haikutokana na herufi za mwanzo za pande nne za dunia (North, East, West, South), ni wingi wa "new".