Viza ya mwenzi kwenda Uingereza: kumtumia wakala huku ombi likibaki mikononi mwenu

Mume wangu alinyimwa viza kwa sababu ya barua pepe moja ambayo haikusomwa. Ilikuwa mwaka 2019, mimi nikiwa Leicester, yeye Tanga, na tulimlipa mtu aliyekuwa akijaza fomu za viza nyuma ya duka la kutuma pesa. Kwenye fomu aliweka anwani yake ya barua pepe badala ya yetu. Ofisi ya viza ikaandika kudai slipu ya mshahara ya mwezi mmoja iliyokosekana, ikatoa siku chache, nazo zikapita. Slipu yenyewe ilikuwa kwenye droo yangu ya jikoni. Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa baba yake akiwa bado Tanga.

Baada ya hapo niliisomea kazi hii, na leo ni mshauri wa uhamiaji niliyesajiliwa. Siwaambii watu wasitumie wakala. Fomu ni ndefu, masharti ya hati ni magumu, na mtu anayefanya kazi za zamu za usiku hana saa za kukaa na makaratasi. Wakala abebe kazi. Ila barua pepe iwe yenu, kadi ya malipo iwe yenu, na fomu msiiruhusu itumwe kabla hamjaisoma wenyewe. Naeleza hapa nikitoa mfano wa mdhamini, yaani mume au mke aliye Uingereza, na mwenzi wake aliye Tanzania, kwa kuwa ndio ninaowahudumia zaidi.

Hatua ya 1: Pimeni ombi kabla ya kulipa mtu yeyote

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini anayeanza ombi jipya anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Zamani ilikuwa pauni 18,600, na bado nakutana na watu walioambiwa kiwango hicho cha zamani. Asiye na kipato kabisa anaweza kutumia akiba ya pauni 88,500 iliyokaa benki miezi 6. Anayepokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumtunza mgonjwa hupimwa kwa kipimo kingine, kwa hiyo asikate tamaa kabla ya kuuliza.

Mwenzi aliye nyumbani anahitaji mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, yaani ya chini kabisa, katika kituo kinachotambuliwa, isipokuwa kama ana shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza au sababu nyingine ya kusamehewa. Anahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, siyo hospitali yoyote. Cheti hicho kinaishi miezi 6. Msikikimbilie mwanzoni kisha kikaisha muda wake mkingali mnasaka hati nyingine.

Kama kipato hakijafika, subirini kifike. Anayewaambia "leteni hela, tutapanga" anawauzia slipu za kughushi.

Hatua ya 2: Jueni mnayemlipa ni nani

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 kuhusu uhamiaji inafanya kuwa kosa la jinai mtu kutoa ushauri wa uhamiaji nchini humo bila sifa au usajili. Wanaoruhusiwa ni mawakili walio chini ya vyombo vyao vya sheria, na washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo ambacho hadi Januari 2025 kilijulikana kama OISC. Washauri hao wana ngazi tatu. Wa ngazi ya 1 anaweza kuandaa ombi la kawaida. Penye historia ya kukataliwa au utata, tafuteni wa ngazi ya 2 au ya 3. Kusimama mbele ya baraza la rufaa ni kazi ya ngazi ya 3 au ya wakili.

Orodha ya waliosajiliwa iko wazi mtandaoni na kuitazama ni bure. Tafuteni jina lake wenyewe, kisha pigeni simu kwa namba iliyo kwenye orodha, siyo ile ya kwenye kadi yake, kwa sababu vishoka hutumia majina ya watu waliosajiliwa kweli. Mimi mteja akiniuliza namba yangu ya usajili nafurahi. Anayekasirikia swali hilo, muacheni.

Wakala wa Dar es Salaam au Mombasa hayuko chini ya usajili huo. Anaweza kuwa mtu mwema wa kuskani hati, kuweka miadi na kumsindikiza mwombaji. Ushauri wa sheria za Uingereza msiuchukue kwake.

Hatua ya 3: Mkataba kwa maandishi, na ada za serikali mlipe wenyewe

Mshauri aliyesajiliwa lazima awape barua inayoeleza kazi atakayofanya, bei yake na mahali pa kupeleka malalamiko. Hakikisheni imesema kama ada yake inahusu kujibu maswali ya ofisi ya viza baada ya ombi kutumwa. Wengi huishia kwenye kutuma.

Ada za serikali ni jambo tofauti na ada ya wakala. Aprili 2025 ada ya ombi kutoka nje ilipanda hadi pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya afya (ya kutumia huduma za afya za umma Uingereza), pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya miezi 33 huhesabiwa kama miaka 3: pauni 3,105. Tazameni viwango vya siku mnayolipa, kwani vinabadilishwa mara kwa mara.

Lipeni kwa kadi yenu wenyewe, na siyo kwa ajili ya risiti tu. Ombi likikataliwa, ada ya afya hurudishwa, na hurudi kwenye kadi iliyolipa. Kama ilikuwa kadi ya wakala, zaidi ya pauni 3,000 zenu zimeingia kwake, na huenda hata hamjui kwamba zimerudi.

Hatua ya 4: Barua pepe na nywila

Fungueni anwani mpya kwa ajili ya ombi hili tu. Nywila muijue wote wawili, nanyi muifungue kila siku, pamoja na folda ya barua taka. Wakala apewe nakala ya kila kinachoingia. Mkikuta ameshaweka anwani yake, mwambieni aibadilishe kabla ya kutuma. Kwa jambo hili sina upole.

Hatua ya 5: Hati, na hasa majina

Kwa aliyeajiriwa sehemu moja miezi 6 au zaidi, kifurushi cha kawaida ni slipu za miezi 6, taarifa za benki zinazoonyesha mishahara hiyohiyo ikiingia, na barua ya mwajiri. Miezi hiyo lazima iishie ndani ya siku 28 kabla ya tarehe ya ombi. Wakala akilaza faili lenu miezi miwili, slipu zimeshachakaa, na mnahitaji mpya.

Sasa majina, maana hapa ndipo familia zetu huumia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, pasipoti inasema Khamis. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, cheti cha ndoa kina mawili. Kwetu ni mtu yuleyule na kijiji kizima kinamjua. Afisa anayesoma faili hakijui kijiji hicho. Wakala mvivu huchagua jina moja akanyamaza. Wakala mwovu "hurekebisha" cheti kwa kompyuta. Ninachofanya mimi ni kuandika majina yote kwenye fomu, pale panapouliza majina mengine, kisha mwombaji anaapa hati ya kiapo mbele ya wakili huko Tanzania kueleza tofauti. Ni kazi ya siku moja.

Kama cheti chenu cha ndoa ni kile alichoandika sheikh au padri siku yenyewe, hakikisheni ndoa imesajiliwa na mna nakala iliyothibitishwa na RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili wa vizazi na ndoa. Hati iliyo kwa Kiswahili pekee inahitaji tafsiri yenye jina kamili la mtafsiri, sahihi, tarehe, mawasiliano yake, na maneno yake ya kuthibitisha kwamba tafsiri ni sahihi.

Hilo linagusa hata meseji zenu za WhatsApp. Msipeleke kurasa 400 za "umekula?" na "mama anakusalimu". Chagueni chache kwa kila kipindi cha uhusiano, mzitafsiri, mziambatanishe na risiti za pesa mlizotumiana, tiketi za safari na picha zenye watu wa pande zote mbili. Na uchaguzi huo mfanye wenyewe. Nyinyi ndio mnaojua ni wiki gani alifiwa na babake nawe ukapanda ndege kwenda kuzika.

Hatua ya 6: Isomeni fomu yote kabla ya kutumwa

Ombeni fomu iliyojazwa, mpigiane simu, msome swali kwa swali. Tarehe ya ndoa. Siku mliyokutana. Watoto wote, pamoja na wa uhusiano wa zamani.

Simameni kwenye swali la kama mwombaji amewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote. Wapo mawakala wanaosema "andika hapana, hawatajua." Kunyimwa viza ya matembezi huko nyuma hakumzuii mtu kuja kuishi na mkewe. Kuficha ndiko kunakomponza: udanganyifu unaweza kumfungia miaka 10. Na kanuni zinaruhusu ombi kukataliwa kwa taarifa au hati ya uongo hata kama mwombaji hakujua kwamba imo. "Wakala ndiye aliyejaza" ni maneno niliyoyasikia mara nyingi, kwa machozi ya kweli, na hayajawahi kumsaidia aliyeyasema.

Hatua ya 7: Alama za vidole na kusubiri

Mwombaji aende mwenyewe na pasipoti yake kwenye kituo cha viza kuchukuliwa alama za vidole. Muda wa kawaida ni wiki 12. Hakuna wakala mwenye "mtu wake ndani", kwa hiyo msilipe pesa ya kuharakisha isiyopitia huduma rasmi.

Hatua ya 8: Jibu likiwa hapana

Soma tarehe ya barua kwanza, sababu baadaye. Aliye nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa tangu apokee uamuzi. Wakala akisema "tutume tu ombi lingine", usikubali kabla mtu wa ngazi ya juu hajaisoma barua hiyo, kwa sababu wakati mwingine kosa ni la afisa na rufaa ndiyo njia sahihi. Mshauri mpya atahitaji kila kitu kilichotumwa: fomu, hati, barua pepe. Faili hilo ni lenu. Liombeni kwa maandishi siku hiyohiyo.