SOMO: Print Spooler inagoma kuwaka au inajizima yenyewe. Soma hapa kabla ya kunitumia ujumbe

Wakuu, ujumbe ni ule ule kila siku: "Fundi, nikibofya Print naambiwa spooler haifanyi kazi." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka somo lote hapa na kuanzia leo nitakuwa natuma linki tu. Ni la Windows 10 na 11, kompyuta ya nyumbani, printa ya USB au ya Wi-Fi. Wenye seva za ofisi, muoneni mtu wenu wa IT.

Jambo moja la kuelewa kwanza. Ukibofya Print, Word haizungumzi na printa moja kwa moja. Kazi yako inaandikwa kwenye diski kama faili, halafu Print Spooler (nitaiita spula) ndiyo inayoipeleka kwenye printa kwa zamu. Ndiyo maana unaweza kuendelea kuandika huku kurasa zinatoka. Sasa, spula yenyewe mara nyingi haina tatizo lolote. Kinachoiangusha ni kitu ilichopewa: faili bovu lililokwama kwenye foleni, au draiva mbovu (draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na printa). Anayekaa kuiwasha kila ikizima, bila kumtafuta anayeizima, atakaa hapo mpaka jioni.

Hatua ya 1. Printa imewaka, ina karatasi, waya umekaza. Kisha Restart kompyuta. Nasema Restart, si Shut down, maana Windows ya siku hizi ikizimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo na kuirudisha vile vile ukiwasha.

Hatua ya 2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, Enter. Shuka mpaka Print Spooler, bofya mara mbili. Startup type iwe Automatic. Kama imezima, bonyeza Start.

Hapa simama uangalie, usikimbie. Kuna hali tatu. Imewaka na inaendelea kuwaka: jaribu kuprinti, huenda umemaliza. Imewaka ikazima baada ya sekunde chache, au inazima pale tu unapotuma kazi: nenda hatua ya 3, halafu ya 5. Imekataa kuwaka kabisa na inatoa namba ya kosa: iandike hiyo namba, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3: kusafisha foleni. Hii ndiyo inayowaponya wengi, na ndiyo watu wanayoharibia kompyuta zao, kwa hiyo soma taratibu.

Zima printa kwenye kitufe chake. Printa nyingi zina kumbukumbu yake ndani. Ukisafisha kompyuta huku printa imewaka, itamalizia kipande ilichobaki nacho na kukutemea kurasa za herufi zisizoeleweka. Kisha kwenye lile dirisha la Print Spooler bonyeza Stop. Usipoizima, Windows itakwambia faili linatumika na halitafutika. Sasa fungua folda hii:

C:\Windows\System32\spool\PRINTERS

Windows ikikuomba ruhusa, bonyeza Continue. Ndani utakuta mafaili yanayoishia na .SPL na .SHD. Chagua yote, futa. Rudi ubonyeze Start, washa printa, jaribu ukurasa mmoja.

FUTA VILIVYOMO NDANI YA PRINTERS. USIFUTE FOLDA YENYEWE. Na usiguse majirani zake. Ukiwa ndani ya spool utaona folda inaitwa drivers na nyingine inaitwa prtprocs. Hizo ni viungo vya spula, si takataka. Ukizifuta, tatizo la dakika tano linageuka kazi ya kuondoa na kuweka upya printa zote.

Kwa wanaopenda CMD (Command Prompt, dirisha la kuandika amri): ifungue kwa Run as administrator, kisha mstari mmoja mmoja:

net stop spooler
del /F /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Mtandaoni utaikuta amri hii ikiwa na /S katikati. Iondoe. Hiyo /S inaiambia Windows iingie kwenye kila folda iliyo chini yake. Ukisahau neno PRINTERS kwenye njia, au kidole kikateleza ukabonyeza Enter baada ya spool\*.*, basi drivers nayo imesafishwa, na CMD haina Recycle Bin. Bila /S, kosa hilo hilo halifiki kwenye folda za ndani.

Hatua ya 4: inakataa kuwaka. Kosa 1068 maana yake kuna huduma nyingine spula inaitegemea na haikuwaka. Fungua kichupo cha Dependencies uone ni zipi. Kwa kawaida ni Remote Procedure Call na HTTP. Kuna programu za "kuharakisha kompyuta" zinazochezea orodha hiyo. Kuirudisha ilivyokuwa, CMD ya msimamizi:

sc config spooler depend= RPCSS/http

Nafasi baada ya alama ya = ni lazima. Kisha Restart.

Hatua ya 5: draiva. Kama foleni ni tupu na spula bado inaanguka, usibahatishe. Fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows), Windows Logs, Application. Tafuta Error ya muda ule ule ilipoanguka, ambayo imetaja spoolsv.exe. Ndani yake kuna mstari wa Faulting module name. Jina la faili lililoandikwa pale ndiyo mshitakiwa, na mara nyingi herufi zake za mwanzo zinakuonyesha ni draiva ya kampuni gani. Ondoa printa hiyo kwenye Settings, halafu Windows + R, andika printui /s /t2. Chagua draiva, Remove, kisha uchague kuondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ikisema inatumika, zima spula, iwashe, na uifute haraka kabla programu yoyote haijaishika. Pakua mpya kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, si kwingine. Zile tovuti za "pakua DLL iliyopotea" ni mlango wa virusi.

Hatua ya 6. Ikishindikana yote, rekebisha mafaili ya Windows yenyewe kwa CMD ya msimamizi: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikiisha ndipo sfc /scannow. Ya kwanza inaweza kuvuta mafaili kwenye intaneti, kwa hiyo angalia bando lako.

Maswali chini. Taja Windows yako, printa yako, na hatua uliyofika.

---

Mtoto wa Mjini: Mkuu printa yangu haiprinti, msaada tafadhali.

Fundi Kibodi: Umefika hatua ya ngapi?

Mtoto wa Mjini: Sijasoma yote, ni ndefu sana.

Fundi Kibodi: Na jibu langu litakuwa fupi. Hatua ya 3.

Binti Pangani: Habari kaka. Nina barua ya maombi ya kazi imekwama kwenye foleni tangu jana. Nikifuta hizo SPL, barua yenyewe itapotea? Naogopa.

Fundi Kibodi: Salama dada. Haipotei. Kilicho kwenye PRINTERS ni nakala iliyoandaliwa kwa ajili ya printa. Barua yako iko pale pale ulipoihifadhi. Ila hakikisha kweli uliihifadhi, maana wapo wanaobofya Print bila kubofya Save.

Binti Pangani: Imetoka! Nilikuta kumi na mbili, kumbe kila nilipobofya tena iliongezeka. Swali la ziada: kwa nini kila kazi ina mafaili mawili?

Fundi Kibodi: Swali zuri. SPL ni kurasa zenyewe. SHD ni maelezo ya kazi: nani kaituma, kwa printa ipi, na mipangilio yake. Ndiyo maana umeme ukikatika na kompyuta ikizimika ghafla, ukiwasha unakuta kazi bado inasubiri. Spula imesoma maelezo upya kutoka kwenye diski. Na ndiyo maana faili lililoandikwa nusu linaiangusha kila ikiwaka, inalikuta pale pale. Nyongeza kwa wenye steshenari: kwenye Printer properties, kichupo cha Advanced, kuna tiki ya Keep printed documents. Ikiwa imewekwa, nyaraka za wateja zinabaki kwenye diski yenu baada ya kuchapwa. Itoeni.

Chuma Chakavu: Somo lako limeniharibia laptopu. Nimefuta ulivyosema, sasa hakuna printa hata moja inayofunguka.

Fundi Kibodi: Ulifuta folda gani?

Chuma Chakavu: Zile za ndani ya spool.

Fundi Kibodi: Nimeandika kwa herufi kubwa, ndugu, sijui ningeandika kwa rangi gani. Angalia kwanza Recycle Bin. Kama ulifuta kwa mkono huenda zipo, zirudishe kisha Restart. Kama hazipo, unda folda yenye jina PRINTERS mahali pake, endesha hatua ya 6, halafu ondoa printa zote na uweke draiva upya. Ukikwama, taja ulipokwama, nitakusaidia.

Chuma Chakavu: Zilikuwepo Recycle Bin. Zimerudi. Yaishe mkuu.

Mlinzi wa Data: Mimi nashauri watu waizime kabisa hiyo huduma. Mwaka 2021 si ilikuwa na tundu kubwa la kiusalama?

Fundi Kibodi: Ni kweli, PrintNightmare. Microsoft walitoa kiraka cha dharura Julai 2021, hata kwa Windows 7 ambayo msaada wake ulikwisha Januari 2020. Lakini suluhisho la mtu wa nyumbani ni kusasisha Windows. Ukizima spula hutaweza hata kuhifadhi kwa Microsoft Print to PDF, maana nayo ni printa machoni pa mfumo. Asiye na printa wala haja ya PDF hiyo, aizime, haina madhara. Walio bado kwenye Windows 10 wajue msaada wa kawaida ulifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwalimu wa Kemia: Shukrani kwa somo. Kwangu spula iko Running muda wote, foleni tupu, lakini printa ya Wi-Fi inaonyesha Offline. Jana ilifanya kazi, leo haitaki.

Fundi Kibodi: Mwalimu, hapo spula haina kosa. Huenda ruta imeipa printa anwani mpya na Windows inaipigia ile ya zamani. Chapa ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe, uone IP yake, yaani hiyo anwani. Kisha Printer properties, Ports, Add Port, Standard TCP/IP Port, uiandike. Ukiweza, ingia kwenye ruta uifunge anwani hiyo isibadilike. Ikiendelea kusema Offline huku inachapa, Configure Port, toa tiki ya SNMP Status Enabled.

Mwalimu wa Kemia: Ilikuwa inaishia .14, leo .9. Mtihani wa Kidato cha Pili umetoka wote.

Dogo Janja: Na mimi wa USB nikichomeka inakuja printa ya pili imeandikwa Copy 1, ile ya kwanza haifanyi kazi.

Fundi Kibodi: Umechomeka tundu jingine la USB. Rudisha tundu la mwanzo, ufute hiyo Copy 1.

Penguini: Sisi wa Ubuntu je, au hatuhesabiwi?

Fundi Kibodi: Mnahesabiwa, ila hamna spula hii, mna CUPS. Kufuta foleni: cancel -a. Kuiwasha upya: sudo systemctl restart cups. Ukitaka kuiona kwa macho, fungua localhost:631 kwenye kivinjari.

Bibi Harusi 2: Nimefuata hatua ya 5. Faulting module ilikuwa draiva ya printa niliyoiuza zamani! Sikujua bado imo. Nimeifuta kwa printui na spula haijaanguka tena. Kwa kuwa uko hapa: printa yangu mpya ni ya kujaza wino, na ikikaa muda bila kazi inatoa mistari mistari. Nisafishe vichwa vya kutolea wino kila siku?

Fundi Kibodi: Hongera, wengi hatua hiyo wanairuka. Usisafishe kila siku. Kila usafishaji unanyonya wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani ya printa, na sponji ikijaa printa nyingi hugoma. Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote mara moja kwa wiki, na uizime kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa ukutani, ili irudishe kichwa mahali pake na kukifunika.