Kabla mzee hajaanza mazoezi nyumbani, angalia kiti kwanza

Watu wakisikia mazoezi ya wazee, mbio kwa simu kutafuta video. Mimi nasema anza na kiti. Kile cha plastiki cha barazani wachana nacho, kwenye sakafu ya vigae miguu ya kiti yapanuka na mzee yuko chini kabla hujasema bismillahi. Tafuta cha mbao, kizito, akikaa nyayo zote zifike chini, halafu kisukume mpaka kiegemee ukuta. Hapo ndo atafanya kusimama na kukaa, na hilo ndo zoezi lenyewe, mengine yafuata.

Alafu mkeka na vile vizulia vidogo kunja weka kando manake vyateleza, na waya wa feni (Mombasa hii feni haizimwi, najua) upitishe nyuma ya kiti. Mama mwenye dera refu alipandishe kidogo alifunge na leso kiunoni. Ndara hapana, soksi tupu ndo mbaya zaidi, avae kiatu cha mpira kinachoshika kisigino.

Sasa mwili, na hapa usiharakishe. Wazee wengi mitaani kwetu wanameza dawa za presha, na baadhi ya hizo dawa mtu akisimama ghafla presha yashuka, macho yaingia giza, kwa hivo akiamka akae kitandani dakika moja mbili kwanza. Kama kizunguzungu chamjia kila mara, ama ameshaanguka mwaka huu, ama alifanyiwa operesheni ya nyonga, ama kifua chamuuma akipanda ngazi, aonane na daktari kabla hata hujasogeza hicho kiti. Mwenye sukari anaedunga insulini asianze na tumbo tupu, na umkague nyayo, kuna wenye ganzi wanakanyaga msumari na hawajui.

Joto la Februari na Machi mwalijua, basi afanye asubuhi mapema ama baada ya alasiri jua likipoa, maji yawe karibu. Na pawe na mtu nyumbani, sio kumshikilia kama mtoto, aweko tu, na simu iwe mfukoni mwa mzee sio inachaji chumba cha pili.

Siku ya kwanza kidogo tu. Asimame na kukaa mara 5, kisha ashike sinki la jikoni asimame miguu ikiwa pamoja sekunde 10, akiweza hiyo ajaribu mguu mmoja mbele ya mwengine. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, akae. Shirika la Afya Duniani lasema waliofika miaka 65 wafanye haya ya balansi na nguvu angalau siku 3 kwa wiki.

Nyanyangu hizo hesabu za siku hana habari nazo, yeye kipimo chake ni kuinuka kutoka sijida bila kushika ukuta. Bado ashika, ila sasa ni mkono mmoja.