Somo: Kusoma barua ya mkono ya John Simon, daktari wa London

Wadau, mliomba somo la kusoma hati za zamani za Kiingereza. Nimemchagua John Simon (1816–1904), daktari mpasuaji wa hospitali ya St Thomas', aliyeteuliwa mwaka 1848 kuwa mganga wa afya wa kwanza wa City of London, yaani ile maili moja ya mraba ya mabenki, si London nzima.

Hatua ya 1. Usisome kwanza. Najua mkono unawasha. Nawa, jikaushe, weka kalamu ya wino mbali, kisha iinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha uone kama ina alama ya maji, yaani chapa ya kiwanda iliyo ndani ya karatasi yenyewe. Baadhi ya viwanda viliweka mwaka humo. Ukiona 1853, barua si ya kabla ya hapo, ila yaweza kuwa ya 1855, maana karatasi hukaa kabatini.

Hatua ya 2. Anwani. Watu wa enzi ile mara nyingi waliandika siku na mwezi, mwaka wakauacha. Hapo ndipo ofisi aliyoandikia Simon inakuokoa: Privy Council (baraza la washauri wa Malkia) alikuwa huko kuanzia 1858, Local Government Board (bodi ya serikali za mitaa) kuanzia 1871, na mwaka 1876 akajiuzulu. Herufi za wilaya za posta za London kama E.C. zilianza 1857–58, kwa hiyo barua yenye herufi hizo haiwezi kuwa ya kipindupindu cha 1849.

Hatua ya 3. Jitengenezee alfabeti yake. Anza na maneno usiyoyatilia shaka: tarehe, "Sir", saini. Chora kila herufi kwa penseli pembeni, halafu itafute ndani ya maneno magumu. Kwenye "ss", baadhi ya waandishi wa wakati huo walirefusha s ya kwanza ikafanana na f: "illness" inaonekana "illnefs". Wewe nakili s.

Hatua ya 4. Vifupisho. "Inst." ni mwezi huu, "ult." ni mwezi uliopita. Barua ya 3 Septemba ikitaja "29th ult.", ni 29 Agosti. "Wd" (would), "shd" (should) na "yr" (your) utavizoea.

Hatua ya 5. Nakili mstari kwa mstari, makosa uyaache yalivyo. Neno lililokushinda liweke kwenye mabano ya mraba na alama ya kuuliza. Mimi niliwahi kusoma "drains" kama "trains", nikapoteza jioni nzima nikitafuta reli kwenye barua ya mitaro ya majitaka!

Ijue na kazi yake, itakusaidia kubahatisha vizuri. Mwaka 1856 alilinganisha kampuni mbili za maji kusini mwa mto Thames. Lambeth ilikuwa imehamia kuchota juu zaidi mtoni, na kipindupindu kiliua wateja wake 37 katika kila 10,000. Kwa Southwark and Vauxhall, waliokunywa maji ya chini kwenye uchafu, walikufa 130.

MASWALI

Mwalimu, zile glavu nyeupe za kwenye TV vipi?
Kwa karatasi, hapana. Zinaua hisia za vidole, unachana ukingo bila kujua. Zihifadhi kwa picha.

Wino wake ni wa kahawia?
Ulikuwa mweusi, dada. Wino wa chuma hugeuka rangi kadiri miaka inavyopita, na wakati mwingine hula karatasi. Ukiona vitundu kwenye mistari, usiikunje tena.

Huyu ndiye daktari wa pampu ya Broad Street?
Huyo ni John Snow, aliyehusisha kipindupindu na maji ya pampu hiyo ya London, aliyefariki 1858. Simon mwanzoni alikuwa upande wa waliolaumu hewa chafu kwa kipindupindu.

Kuna barua ya "Sir John Simon" ya 1912 inauzwa mtandaoni. Ninunue?
Kaka, daktari alishazikwa 1904. Yupo Sir John Simon mwingine, mwanasiasa, aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1931. Mwombe muuzaji picha ya saini na ya anwani kabla hujatuma hela.