Kuchora kuzama na kung'aa upya kwa nova kibete: mfano wa WZ Sagittae, 2001

WZ Sagittae ni nova kibete: nyota mbili zinazozungukana, kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa) kikivuta gesi ya mwenzake, na mara chache mwanga wake hulipuka. Imerekodiwa ikilipuka mwaka 1913, 1946, 1978 na 2001. Ukisubiri mlipuko ujao ndipo ujifunze, utakaa sana. Data ya 2001 ipo bure, na kwangu ndiyo shule bora.

1. Pakua data. Nenda tovuti ya AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga. Andika WZ Sge (kifupi cha jina lake), kisha tarehe ya Juliani, yaani hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaanga, 2452110 hadi 2452190. Mlipuko uligunduliwa Julai 23, ambayo ni 2452114.

2. Chuja. Makadirio ya macho yakae peke yake, vipimo vya kamera vyenye kichujio cha V (kinachopitisha mwanga wa kijani na njano) peke yake. Ukivichanganya utapata mabonde ambayo nyota haina habari nayo. Vipimo vyenye alama ya < vina maana kwamba nyota haikuonekana. Vipe rangi tofauti, usivifute.

3. Chora. Geuza mhimili wa wima, maana magnitudo, kipimo cha mwangaza wa nyota, ikiwa ndogo ndiyo mwanga mkali. Kilele kitakuwa karibu na 8. Nyota ikiwa imetulia hukaa karibu na 15.

4. Tuliza mawimbi madogo. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Kibete cheupe na mwenzake huzungukana kwa takriban dakika 82, na mwanga hupanda na kushuka kwa mwendo unaokaribiana na huo. Chukua wastani wa mzunguko mmoja au miwili. Wastani wa siku nzima usiuguse: mng'ao mpya hurudi kila baada ya siku mbili hivi, nawe utakuwa umeufuta mwenyewe.

5. Tafuta kuzama. Baada ya wiki tatu na ushei za kufifia polepole, katikati ya Agosti, mwanga unaanguka kwa zaidi ya magnitudo moja. Mgeni husema imekwisha. Tazama kina chake: haikufika 15, kwa hiyo sahani ya gesi inayozunguka kibete ilikuwa bado na akiba. Kisha inang'aa upya, mara 12!

Chanzo cha kung'aa huku ni hidrojeni. Ikipoa, gesi inajikusanya katika sahani. Ikikaribia nyuzi 10,000 za Kelvini, atomi zinapoteza elektroni, gesi inamiminika kuelekea kibete na sahani inawaka. Akiba ya kurudia hivyo mara 12 ilitoka wapi? Wengine husema ni gesi iliyobaki ukingoni mwa sahani, wengine ni mwenzake aliyechomwa na mlipuko akamwaga zaidi. Wa kwanza wananishawishi zaidi.

6. Pima. Kwa kila mng'ao andika saa ya katikati ya kupanda, kilele, na muda hadi unaofuata.

7. Linganisha. Pakua data ya nova kibete nyingine, EG Cancri, ya 1996–97, iliyong'aa upya mara 6. Weka siku ya sifuri kwenye mng'ao mpya wa kwanza wa kila nyota, si kwenye kilele cha mlipuko, ndipo uchore zote mbili kwenye grafu moja.