Akaunti ya Biashara Ikifungiwa, Anza na Waliokwisha Kulipa

Anayeuza vitenge Kariakoo kupitia Instagram anaweza kuamka akakuta akaunti imefungiwa, na picha za mzigo, oda na mazungumzo yote na wateja havifikiki tena. Wengi hukimbilia kuirudisha akaunti. Mimi nasisitiza uanze na waliokwisha kukulipa, kwa sababu mteja aliyetuma advansi jana, akitafuta ukurasa wako leo asiuone, ataamini ametapeliwa, na jina la biashara likishachafuka hivyo ni vigumu mno kulisafisha.

Fungua ujumbe wa miamala ya M-Pesa: kila malipo yanaonyesha jina, kiasi na tarehe. Yaandike kwenye kaunta buku, mstari mmoja kwa kila mteja, na pembeni uweke alichoagiza na kiasi kilichobaki, kwa mfano “doti mbili, bado 15,000”. Kisha wapigie simu mmoja mmoja. Usiwarushie mamia ya watu ujumbe uleule kwa WhatsApp, kwani nako namba zinazotuma ujumbe kwa wingi hufungiwa.

Baada ya hapo, piga picha ya skrini ya taarifa ya kufungiwa, kisha uombe uamuzi upitiwe upya ndani ya programu yenyewe. Instagram hutoa siku 180 za kufanya hivyo. Weka karibu kitambulisho cha NIDA na cheti cha usajili wa biashara cha BRELA, na ukague kadi ya benki iliyokuwa ikilipia matangazo. Anayedai ana mtu wake ndani ya kampuni, akakuomba pesa au namba ya uthibitisho, usimpe chochote. Matapeli huwawinda hasa watu waliochanganyikiwa.

Ambaye hajafungiwa apakue nakala ya taarifa za akaunti kila mwezi, ahifadhi picha halisi nje ya simu, na aongeze msimamizi wa pili anayemwamini kwenye ukurasa wa Facebook. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takribani saa sita dunia nzima bila kosa la mfanyabiashara yeyote, na siku kama hiyo namba zilizo kwenye daftari ndizo zinazopigika. Unapoichukua namba ya mteja, mweleze utaitumia kwa kazi gani na umwombe ridhaa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda yeye pia.